Siku ya kazi huhesabiwa kuanzia wapi? Makabaila na watwana wa Hungaria, 1514 hadi 1848

Mto_Tisza

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, wenye haraka mtaniwia radhi.

Nilisoma Debrecen, mashariki ya Hungaria, kwa miaka minne. Likizo moja rafiki yangu mwenyeji alinipeleka kwao kijijini, na njiani tukaingia kwenye kijumba cha makumbusho. Humo ndani kulikuwa na benchi. Ubao mnene wa mti mgumu, miguu minne iliyotanuka, urefu wa kumtosha mtu mzima aliyelala kifudifudi. Pembeni kulikuwa na mikanda ya kubana mikono na miguu. Katikati, pale tumbo linapokaa, ubao umelainika mpaka unang'aa. Rafiki yangu akaniambia linaitwa *deres*, jina ambalo Wahungaria humwita pia farasi wa manyoya ya kijivu. Akaongeza kwamba mpaka leo mtu akistahili adabu watu husema "ishirini na tano", na hakuna anayeuliza ishirini na tano za nini. Ni fimbo.

Nilipitisha kiganja pale palipolainika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za waliolazwa hapo.

Waliitwa *jobbágy*. Jobb kwa Kihungaria ni "bora zaidi". Zamani jobbágy alikuwa mtu wa heshima, mfuasi wa mfalme au askari wa ngome. Karne zilivyopita neno likateremka, likaishia kwa mkulima anayeishi juu ya ardhi ya mwingine. Nitatumia mtwana na kabaila, maneno tuliyofundishwa shuleni, ila mjue kwamba jobbágy hakupelekwa sokoni kuuzwa kama mtumwa. Alikuwa na nyumba, maksai wake wa kukokota plau, mke wa ndoa ya kanisani, na watoto walimrithi. Ardhi haikuwa yake, na kuanzia 1514 sheria ikamnyima ruhusa ya kuondoka.

Wengi wakiigusa historia hii hukimbilia kiti cha moto cha Dózsa. Nitakieleza. Lakini baada ya kusoma sana naamini kwamba moyo wa ugomvi, kwa miaka zaidi ya 300, ulikuwa kwenye hesabu: siku ngapi za kazi, na ng'ombe wangapi, kuanzia saa gani, na daftari analishika nani.

Mama_Asha_Tabora

Niko mbele kabisa na kikombe cha chai. Kaka, anza na hicho kiti cha moto, maana umeshakitaja.

Mto_Tisza

Sawa dada.

Aprili 1514. Kardinali Bakócz Tamás, Askofu Mkuu wa Esztergom (wenzetu hutanguliza jina la ukoo), alikuwa amerudi kutoka Roma na idhini ya Papa Leo X ya kutangaza vita vya msalaba dhidi ya Waturuki. Wakulima wakamiminika kwa maelfu kwenye uwanda wa Pest, ambayo leo ni sehemu ya Budapest. Wakapewa jemadari, Dózsa György, askari wa kabila la Waszekely kutoka Transylvania, mashariki ya ufalme.

Makabaila wakaona mashamba yao yanabaki bila mikono wakati wa kazi. Wakaanza kuwazuia watu wasiende, na wengine wakazitesa familia za waliokwisha kwenda. Kardinali akasitisha vita. Lakini hebu fikiria mtu ambaye ameapa mbele ya msalaba, ameshika mundu ulionyooshwa ukawa mkuki, halafu anapata habari kwamba nyumbani mke wake amepigwa kwa sababu yeye ameitikia wito wa Papa. Hawakutawanyika. Waliwageukia makabaila. Majumba yakachomwa, na Askofu wa Csanád, Csáky Miklós, akauawa kwa kuchomekwa kwenye mti. Wakaizingira Temesvár, mji ambao leo uko Romania na unaitwa Timișoara.

Mwezi wa Julai akafika Szapolyai János, gavana wa Transylvania, na jeshi lake, akawavunja. Dózsa akaketishwa kwenye kiti cha chuma kilichopashwa moto na kuvishwa taji la chuma lililoiva, eti apate ufalme alioutaka. Walioandika habari za wakati ule wanasema wafuasi wake walionyimwa chakula kwa siku kadhaa walilazimishwa kumuuma nyama akiwa bado hai.

Nimeyaandika haya kwa sababu yalitokea na ni lazima yajulikane. Lakini kiti kile kiliua kwa siku moja. Kilichofuata Oktoba mwaka uleule kiliendelea kufanya kazi kwa vizazi. Baraza la nchi, ambalo wakulima hawakuwa na kiti ndani yake, lilikutana likaandika sheria: jobbágy ataishi katika utwana wa milele, hatahama. Atatoa forinti 1 ya dhahabu kwa mwaka, siku 1 ya kazi kila wiki, kuku, bata bukini, na sehemu ya mazao. Akikutwa na silaha, mkono wa kuume ukatwe.

Kabla ya hapo alikuwa akishalipa madeni yake na ada ya ardhi, anafunga mizigo anahamia kwa bwana mwingine mwenye masharti nafuu. Mlango huo ndio uliofungwa.

Wakati huohuo mwanasheria Werbőczy István aliwasilisha kitabu chake cha sheria za mila, Tripartitum, kilichochapishwa Vienna 1517. Humo imeandikwa kwamba ardhi yote ni ya bwana, na mkulima hana kitu juu yake zaidi ya ujira wa jasho lake. Kitabu hakikupata kamwe muhuri wa mfalme wa kukifanya sheria rasmi, lakini mahakama zilikitumia mpaka 1848. Miaka 334 ya kuhukumiwa kwa kitabu kisicho na muhuri.

Juma_wa_Daftari

Mkuu, mimi ni mtu wa hesabu. Naomba unipe mavuno ya mtu mmoja tuone kinachobaki.

Mto_Tisza

Hesabu hii inauma, nakupa.

Chukua miganda 100 ya ngano shambani. Kanisa linaanza, linachukua fungu la kumi, miganda 10. Imebaki 90. Anakuja mtu wa kabaila anachukua "fungu la tisa", *kilenced*, lililowekwa na mfalme Lajos I mwaka 1351. Moja ya tisa ya 90 ni 10. Imebaki 80. Mpaka hapa mtu atasema si mbaya.

Lakini kumbuka mbegu. Kwa kilimo cha wakati ule, kipimo kimoja cha mbegu kilizaa vipimo vitatu hadi vitano. Tuseme vinne. Basi miganda 25 kati ya ile 80 si chakula, ni mbegu ya mwakani. Zimebaki 55. Hizo ndizo za kulisha watoto, za kusagia unga kwenye kinu ambacho ni cha kabaila, na za kuuza ili apatikane forinti wa kodi ya serikali. Na kodi ya serikali ilimwangukia mkulima peke yake. Mwungwana wa Hungaria, hata yule maskini mwenye paa linalovuja, hakulipa kodi mpaka 1848.

Halafu kuna kitu ambacho hakihesabiwi kwa miganda: siku. Mvua ikikaribia, ngano ya kabaila inavunwa kwanza, kwa mikono ileile na maksai walewale, na ya mkulima inasubiri shambani ikilowa. Hasara hiyo hutaiona kwenye daftari la mtu yeyote.

Nyota_ya_Ziwa

Hizo siku za kazi ziliitwaje kwao?

Mto_Tisza

*Robot*. Neno limetoka lugha za Kislavi, *robota*, kazi ya kulazimishwa. Ndilo ambalo mwandishi mmoja wa Kicheki aliliingiza kwenye tamthilia mwaka 1920 kuwaita watu wa kutengenezwa kiwandani, likazunguka dunia mpaka likafika kwetu kama roboti.

Nyota_ya_Ziwa

Allah! Kumbe mwanangu akicheza na roboti lake anataja jina la shokoa ya Wahungaria.

Mzee_Kilindi

Kijana, nimekufuatilia vizuri. Nina swali. Sheria ni karatasi. Nchi ile ni tambarare, haina mipaka ya kuonekana. Walishindwaje kukimbia usiku?

Mto_Tisza

Shikamoo mzee wangu. Hawakushindwa. Walikimbia, na miguu iliwasaidia kuliko mundu.

Miaka 12 baada ya Dózsa, tarehe 29 Agosti 1526, jeshi la Hungaria lilisagwa na Sultan Süleyman pale Mohács, na mfalme kijana akafa siku hiyohiyo. Szapolyai yuleyule aliyemchoma Dózsa akawa mmoja wa wafalme wawili waliogombea kiti. Mwaka 1541 Waturuki wakachukua Buda, mji mkuu, na nchi ikawa vipande vitatu: magharibi na kaskazini kwa Wahabsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, katikati kwa Sultan, mashariki Transylvania chini ya mwanamfalme wake. Mtu akiteswa huku anavukia kule. Kabaila mwenye ardhi tupu hana kitu, basi wakawa wanapokea waliotoroka kwa wenzao na kufumba macho. Mwaka 1547 baraza lenyewe, lililojaa makabaila, liliandika kwamba hakuna kilichoidhuru Hungaria kuliko kuwakandamiza wakulima, ambao kilio chao kinapanda daima mbele za Mungu, na likawarudishia haki ya kuhama. Nikisoma sentensi ile huwa nasimama kidogo. Ilikuwa ni hofu ya Mungu kweli, au hofu ya mashamba kubaki mapori? Nadhani vyote viwili vilikuwa ndani ya watu walewale. Haki yenyewe haikudumu: kufikia 1608 jambo la kuhama liliachiwa wilaya, na kwenye mabaraza ya wilaya waliokaa ni makabaila haohao.

Upande wa Waturuki nako hakukuwa na pumziko. Mkulima alilipa kwa mwenye ardhi wa Kituruki, halafu askari wa ngome za mpakani wakaja usiku kudai haki ya kabaila wa Kihungaria aliyekwisha kimbilia magharibi. Kijiji kimoja, mabwana wawili, na kila mmoja ana karatasi yake.

Miji ya uwandani kama Kecskemét, Nagykőrös na Cegléd ilijifunza ujanja: ikapambana iwe mali ya Sultan mwenyewe, isigawiwe kwa askari mmoja mmoja. Sultan yuko mbali, anapokea kwa mkupuo, haji kuhesabu kuku wako. Wakalipa jumla, wakafuga ng'ombe wa kijivu wenye pembe ndefu, na makundi yao yakatembezwa kwa miguu mpaka masoko ya Vienna na Nürnberg.

Kaka_Msafiri

Hapo ndipo ninapotaka kuingilia. Mkuu unawachora wote kama wanyonge watupu, na wewe mwenyewe unataja wafuga ng'ombe waliouza hadi Ujerumani. Si walikuwamo majobbágy matajiri? Tukiandika historia ya huruma tupu tunawapunguzia utu.

Mto_Tisza

Umesema kweli na nakushukuru. Walikuwamo. Mtwana wa mji wa soko mwenye shamba la mizabibu na ng'ombe 200 aliweza kumkopesha fedha mwungwana wa jirani. Mizabibu ilikuwa na utaratibu wake, mkulima aliweza kuiuza na kuirithisha kwa uhuru kuliko shamba la ngano.

Na wako waliotoka kabisa. Wachunga ng'ombe na watoro wenye silaha waliitwa *hajdú*. Kabaila Bocskai István alipoinuka dhidi ya Wahabsburg, jeshi lake lilikuwa wao. Desemba 1605, kwa hati ya Korpona, aliwapa wanajeshi 9,254 ardhi ya kukaa pamoja na uhuru wa kiungwana. Miji yao bado ipo karibu na Debrecen, majina yanaanza na Hajdú. Basi la chuo lilikuwa linapita huko.

Lakini kaka, utajiri wa jobbágy ulitegemea bwana hajaamua kulima mwenyewe. Bei ya nafaka na mvinyo ilipopanda, na majeshi ya mpakani yakitaka kulishwa, makabaila waliongeza mashamba yao wenyewe, *majorság*. Shamba la bwana halilimwi na bwana. Siku 1 kwa wiki ya 1514 ikawa 2, ikawa 3, na wakati wa mavuno hakuna aliyehesabu. Kiwanja cha kaya, *telek*, kikagawanywa kwa warithi hadi nusu, robo, na wengine wakabaki *zsellér*, watu wa kibanda bila shamba. Mzigo haukugawanyika kwa kasi ileile.

Tena akitaka kunywa, sehemu kubwa ya mwaka kilabu kilikuwa cha bwana na mvinyo ni wa bwana. Akitaka kushtaki, mahakama ya kwanza ni *úriszék*, baraza la bwana mwenyewe. Makabaila wengine walikuwa na haki ya kuhukumu kifo.

Mama_Asha_Tabora

Yaani unamshtaki mtu sebuleni kwake!

Mto_Tisza

Ndivyo dada. Kijiji kilikuwa na mkuu wake, *bíró*, na wazee walioapishwa. Sheria za baadaye zilisema kabaila anapendekeza majina matatu na kijiji kinachagua mmoja. Mtu huyo aliishi katikati ya moto: jioni anapita nyumba kwa nyumba kuwataja wa kwenda robot kesho, na kabaila asiporidhika, wa kwanza kuitwa kujieleza ni yeye.

Mzee_Kilindi

Silaha hawakuzishika tena baada ya Dózsa?

Mto_Tisza

Walizishika, mzee. Kubwa zaidi ni ile ya 1703. Waturuki walikuwa wamefukuzwa, na Wahabsburg wakaleta kodi na askari wa kulala majumbani mwa wakulima. Esze Tamás, jobbágy wa kijiji cha Tarpa aliyewahi kufanya biashara ya chumvi, akawa miongoni mwa walioinuka upande wa mto Tisza. Wakamtumia ujumbe mwanamfalme Rákóczi Ferenc II, aliyekuwa amejificha Poland, aje awaongoze. Fikirieni: watwana wanamfuata mmoja wa makabaila wakubwa kuliko wote nchini wamwombe aongoze uasi.

Akaja. Agosti 1703, kwa tangazo la Vetés, alisema jobbágy aliyeko vitani na familia yake wasidaiwe kazi wala tozo. Waungwana waliojiunga naye wakanung'unika: robot itafanywa na nani? Rákóczi alihitaji mikono ya hawa na majina ya wale, na miaka minane akawa anazivuta kamba mbili. Mwaka 1708, kwenye baraza la Sárospatak, ikaahidiwa uhuru kwa jobbágy atakayepigana hadi mwisho. Mwisho ulipofika ulikuwa mkataba wa Szatmár wa 1711. Waungwana walisamehewa wakirudisha utii. Ahadi ya Sárospatak ikazikwa, na waliobaki hai wakarudi kwenye robot. Esze Tamás hakuyaona hayo, alikufa 1708 akiwa na cheo cha brigedia.

Juma_wa_Daftari

Uliuliza kwenye kichwa cha uzi siku inahesabiwa kuanzia wapi. Bado hujajibu.

Mto_Tisza

Nilikuwa naisogelea, Juma. Ndiyo sehemu iliyonifanya niuandike uzi huu.

Miaka ya 1764 na 1765 Malkia Maria Theresa aliwaomba makabaila barazani wapunguze mzigo wa wakulima. Wakakataa. Hapohapo vijiji vya wilaya za magharibi, Vas na jirani zake, vikagoma. Watu waliacha kwenda robot, wakatuma wajumbe kwa miguu hadi Vienna, na uvumi ukaenea kwamba malkia ameshaandika sheria nzuri, ila mabwana wameificha. Malkia akaacha kulisubiri baraza. Mwaka 1767 akatoa *urbarium*, hati moja ya haki na wajibu kwa nchi nzima, kwa amri yake mwenyewe.

Kabla ya kuitekeleza kijiji kwa kijiji, makamishna walitumwa na maswali tisa. Walimwita bíró na wazee, wakawaapisha, wakawauliza kwa lugha ya kijiji: Kihungaria, Kislovakia, Kijerumani, Kikroatia, lolote walilozungumza. Tangu 1351 watu hawa walikuwa wakiandikiwa. Sasa wanaulizwa.

Je, mna hati ya makubaliano na bwana, na tangu lini? Kama hamna, mnatoa kwa desturi gani? Kijiji chenu kina faida gani na hasara gani? Kaya yenye kiwanja kizima ina shamba kiasi gani, na majani ya malisho yanaweza kukatwa mara ya pili kwa mwaka? Mnatoa fungu la tisa, na zawadi gani nyingine? Viwanja vilivyoachwa tupu ni vingapi? Na la mwisho, la tisa: nyinyi ni watwana wa milele, au mna uhuru wa kuondoka?

La sita ndilo lako, Juma. Mnafanya siku ngapi za robot, na wanyama wangapi, na *je, muda wa kwenda na kurudi unahesabiwa?*

Mtu aliyeliandika swali hilo alijua maisha. Kama shamba la bwana liko mwendo wa saa tatu, na siku inaanza kuhesabiwa ukishafika, basi unaondoka nyumbani usiku, maksai wanatembea gizani, unafanya kazi mchana mzima, unarudi gizani, na kwenye daftari umetoa siku moja. Urbarium ikajibu: siku ni kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, pamoja na kwenda na kurudi. Kwa kiwanja kizima, siku 52 kwa mwaka ukiwa na wanyama, au 104 kwa mikono mitupu. Zsellér mwenye nyumba siku 18, asiye na nyumba 12. Kodi ya nyumba forinti 1. Zawadi ziliandikwa mpaka mayai: kuku 2, majogoo wawili waliohasiwa, mayai 12.

Ninayapenda sana yale mayai 12. Kabla ya hapo msimamizi alichukua kiasi alichotaka na kuiita desturi. Sasa akitaka la 13, bíró ana karatasi ya kumwonyesha.

Chini ya majibu ya maswali tisa, mahali pa sahihi, kuna misalaba. Mmoja mmoja, kwa wino, na karani akaandika jina pembeni. Hawakujua kuandika. Wapo ambao msalaba wao umepinda, unaona kabisa kalamu ilishikwa na mkono uliozoea jembe.

Mzee_Kilindi

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mama huyo alifanya jambo. Ila naona alikuwa na sababu yake. Kabaila akimkamua mkulima mpaka mwisho, serikali itakamua nini?

Mto_Tisza

Ndivyo hasa, mzee. Vita vyake na Prussia vilikuwa vimekula hazina, na mlipa kodi alikuwa mkulima tu. Alikuwa anamlinda mlipa kodi wake. Sikatai. Lakini kwa yule mwenye maksai wawili njiani alfajiri, kuhesabiwa mwendo wa kurudi kulikuwa ni kulala nyumbani. Nami nasema hivyo nikijua pia kwamba zipo kaya ambazo zamani zilitoa kidogo kuliko 52, kwa mikataba ya zamani ya walowezi walioitwa kujaza vijiji vilivyoachwa na vita, na urbarium ikawaongezea. Hao walilalamika na walikuwa na haki.

Transylvania haikupata hata hiyo ya 1767. Huko mwishoni mwa 1784 wakulima wa Kiromania waliinuka wakiongozwa na Horea, Cloșca na Crișan. Februari 1785 Horea na Cloșca walivunjwa mifupa kwa gurudumu pale Gyulafehérvár, mbele ya wakulima walioletwa kutoka vijijini watazame. Crișan alikuwa ameshajinyonga gerezani. Agosti mwaka huohuo Kaisari Joseph II, mwana wa Maria Theresa, akafuta utwana wa mwili nchini Hungaria, na akakataza hata neno jobbágy. Mkulima sasa angeweza kuoa, kujifunza ufundi na kuhama bila kuomba ruhusa. Akiwa kitandani anakufa, mwaka 1790, Joseph alibatilisha karibu amri zake zote kwa Hungaria. Hiyo aliiacha.

Ardhi ikabaki ya kabaila, na robot ikaendelea.

Kaka_Msafiri

Mpaka 1848?

Mto_Tisza

Mpaka 1848. Paris ilikuwa imeshawaka Februari, na Machi ikawaka Vienna. Baraza lilikuwa linakaa Pozsony, ambayo leo ni Bratislava, na uvumi ukafika kwamba mshairi kijana Petőfi Sándor yuko nje ya Pest na maelfu ya wakulima wenye silaha. Haikuwa kweli. Lakini waliokaa barazani walikuwa wamesomeshwa habari za 1514, na miaka miwili tu nyuma wakulima wa Galicia, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wamewachinja waungwana wao. Kwa siku chache wakapitisha kilichokuwa kinapigiwa kelele kwa miaka: robot, fungu la tisa na mahakama ya bwana vimefutwa, na kanisa likaachia fungu lake la kumi. Mfalme akaweka sahihi 11 Aprili 1848.

Juma_wa_Daftari

Na ardhi ilikwenda kwa nani?

Mto_Tisza

Kwa wale ambao viwanja vyao vilikuwa vimeandikwa kwenye urbarium. Kilichokuwa chini ya jina lako ndani ya daftari lile la 1767, au chini ya jina la baba wa babu yako, kikawa chako, na serikali ikaahidi kumfidia kabaila. Zsellér asiye na shamba, na mkulima aliyekuwa amepangishwa kwenye shamba la bwana mwenyewe, hawakupata kitu. Walikuwa mamilioni. Walitoka kwenye utwana wakaingia kwenye kibarua, mara nyingi kwenye shamba lilelile.

Mama_Asha_Tabora

Kwa hiyo lile swali la tano, la shamba lako ni kiasi gani, wale wazee walipokuwa wanalijibu 1767...

Mto_Tisza

Ndiyo dada. Walikuwa wanawajibia watukuu wao, na hawakujua.

Rafiki yangu yule, ukoo wa mama yake ni wa zsellér. Babu yake hakuwahi kulima shamba lake mwenyewe mpaka mwaka 1945, mashamba makubwa yalipogawanywa. Alipewa ekari chache. Siku tuliyotoka makumbusho alinipitisha kuliona. Sasa ni la mtu mwingine, limepandwa alizeti. Alisimamisha gari, tukakaa kimya kidogo, kisha akaniambia mipaka yake: kutoka kwenye ule mti mpaka kwenye mtaro.

Nyota_ya_Ziwa

Naomba uzi wa hao hajdú, kaka, ukipata nafasi. Hao 9,254 nataka kujua waliishije na uhuru wao.

Mto_Tisza

Nitauleta, In shaa Allah, wiki ijayo.